Migomba Mitatu ya Uani

Mabwerebwere, Kilosa
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Shangazi Hildegarda, shikamoo.

Sisi huku wazima, isipokuwa Cleopa anaota meno na nyumba nzima haina usingizi. Ana miezi kumi na anauma kila anachokipata; jana kang'ata kandambili ya baba yake. Brayan katimiza miaka minne na kazi yake kubwa ni kuuliza maswali. Brightness yuko darasa la pili na barua zako anazisoma kabla yangu, kwa hiyo ukiwa na siri yangu iandike kwa fumbo. Yared anakusalimia sana. Bado yuko kwenye lile ghala la mahindi.

Simu najua huisikii tangu masikio yaharibike, na ujumbe wa maandishi unasema herufi zake ni mchwa watupu. Basi nimerudi kwenye kalamu, na Mudi konda atakuletea.

Sasa jambo lenyewe. Tunaongeza chumba! Watoto watatu, wazazi wawili na madumu ya maji ndani ya vyumba viwili, Shangazi, ukijigeuza usingizini unamgeuza na mwenzio. Fundi Ditram ameshapima na kufunga kamba. Kitakuwa chumba cha watoto, dirisha lenye nyavu, sakafu ya saruji. Nikiziangalia zile kamba namkumbuka Baba. Angekuwa hai angezunguka huku na huku akifunika kila kitu, pipa, ndoo, mpaka rundo la mchanga. Tulimwita Bwana Mfuniko, unakumbuka? Ndoo ikikaa wazi dakika mbili anafoka mpaka majirani wanatoka nje.

Njoo uone. Miaka yote unasema utakuja, na Mikumi si Ulaya.

Mwanao,
Costancia


Mikumi
20 Oktoba 2024

Mwanangu Costa, marahaba.

Barua nimeipata ikiwa na doa la mafuta. Mwambie Mudi aache kuchanganya barua na vipuri vyake. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika lakini yananibeba. Madereva wa malori wanakula hapa mgahawani kwangu, wengine wanasinzia hapo hapo mezani, sahani haijaisha. Wiki iliyopita tembo wawili walitoka mbugani wakapita nyuma ya banda langu la kuni. Monica, huyu binti anayenisaidia, akapanda juu ya meza na mwiko mkononi. Sijui alitaka kuwapakulia.

Cleopa msugue fizi kwa kidole safi. Brayan mjibu maswali yake yote, hata yakikuchosha. Mtoto anayeuliza yuko karibu nawe.

Chumba ni jambo jema. Lakini mnajenga upande gani? Hukusema. Jengeni upande wa barabara. Uani, kwenye migomba yangu mitatu, msiguse. Nilimwambia baba yako, nikamwambia Yared siku ya harusi yenu, na sasa naandika ili isemwe kuwa niliandika: ile migomba isikatwe. Ukinijibu nitajie upande, salamu zitafuata.

Kuja nitakuja. Kwa sasa wageni ni wengi.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mabwerebwere
17 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Brayan aliingiza punje ya mahindi puani, tukashinda zahanati. Ilitoka kwa chafya tulipokuwa bado kwenye foleni, akataka kuirudisha aone kama itatoka tena.

Chumba kimekwisha! Kimekaa kwa nyuma kidogo, lakini ni kizuri, kina hewa. Watoto wamehamia tangu Jumatatu. Brightness kachagua kitanda cha katikati ili aone mlango na dirisha kwa pamoja, kama askari. Migomba haijambo, inakusalimia.

Ditram alipochimba msingi aliokota kipande cha taruma, ile mbao inayolazwa chini ya reli, kimeoza upande mmoja, tundu la msumari bado lipo. Nimekisugua, ndicho kigoda changu cha kuchambulia mboga. Babu Valentino na kazi yake ya reli, hata ardhini hajastaafu!

Kuna ufa mdogo sakafuni, mwembamba kama unywele. Ditram anasema ni saruji inakaa. Aliuziba, ukarudi pale pale. Na gololi za Brayan, ukizimwaga popote mle chumbani, zinajikusanya mahali pamoja karibu na kitanda cha Brightness. Yeye anafurahi, anasema chumba kinacheza naye.

Niandikie. Uliposema utakuja, ulimaanisha mwaka gani?

Costancia


Mikumi
8 Desemba 2024

Costa,

Marahaba. Mimi mzima, Monica mzima, tembo wazima.

Hilo taruma limetoka sehemu gani ya uwanja? Niandikie hatua ngapi kutoka mlango wa nyuma. "Kwa nyuma kidogo" si mahali.

Halafu nina hamu. Noeli hii nitumie mkungu wa ndizi kutoka kwenye migomba yangu. Mmoja tu. Mudi ataubeba.

Hildegarda


Mabwerebwere
22 Desemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Mkungu huo hapo. Ule taratibu, bado haujaiva wote. Naandika nimesimama, Cleopa sasa anatambaa kila mahali na leo nimemtoa chini ya kitanda mara tatu. Heri ya Noeli kwako na kwa Monica.

Costancia


Mikumi
5 Januari 2025

Mwanangu Costancia,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya.

Ndizi tumekula, ni tamu. Lakini kwenye kikonyo cha mkungu kuna herufi mbili zimechongwa kwa kisu. Nimeuza ndizi soko la Kilosa kabla wewe hujazaliwa. Mchuuzi ndiye anayeweka alama mkungu wake usichanganyike na wa mwenzake. Mtu anayekata uani kwake hachongi kitu.

Sina hasira. Laiti ningekuwa na hasira, ningelala vizuri. Nakuuliza mara ya mwisho: migomba iko wapi, na kile chumba kiko wapi?

Kama ni pale ninapopafikiria, watoto wasilale humo. Usiniulize sababu. Kuna mtu nilimwahidi kitandani kwake, na ahadi kwa mgonjwa ni mzigo usiotulika. Wewe watoe tu.

Shangazi yako


Mabwerebwere
2 Machi 2025

Shangazi wangu, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne na nne zote nimezitia jikoni. Nilikudanganya. Migomba tuliikata Septemba, kabla hata sijakuandikia ile barua ya kwanza. Chumba kimekaa pale pale ilipokuwa. Mkungu nilinunua sokoni. Niliona aibu, nikafunika aibu kwa uongo, na uongo ukadai mwenzake.

Tulidhani hakuna neno. Ditram alisema migomba iliyonona uani kila mtu anajua maana yake: ni choo cha zamani kilichojaa, kikafukiwa, na choo kilichojaa miaka thelathini iliyopita ni udongo kama udongo mwingine. Kweli sisi wenyewe tumepanda migomba juu ya choo chetu cha zamani kule upande wa pili. Nikafikiri unaipenda tu kwa kuwa uliipanda kwa mikono yako.

Barua yako ya Januari niliitii siku sita. Tukabanana tena wote kitanda kimoja. Kisha paa la chumba chetu likaanza kuvuja, Yared akasema wazee wana mambo yao, tukawarudisha. Sikukujibu kwa sababu sikujua nikujibu nini.

Sasa nisikilize. Jana nilikuwa napiga deki mle chumbani. Ufa umekuwa mpana wa kidole. Nikamwaga maji kando ya kitanda cha Brightness nivute na tambara, maji yakaingia ufani yote. Nikapiga magoti nikaweka sikio. Shangazi, niliyasikia yakianguka. Tangu yaingie mpaka yafike chini palikuwa na kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu.

Nilitoka mle mbio. Ditram amekuja, kasema ni panya buku, wamechimba, atamwaga zege mvua ikikatika. Vitanda tumevisogeza ukutani na usiku watoto tunalala nao. Mchana siwezi kuwafukuza, mvua hainyamazi na nyumba ni hiyo hiyo. Kila wakikimbia mle ndani, kila kishindo cha miguu yao kinanipiga hapa kifuani. Naogopa, na mbaya zaidi sijui ninachokiogopa.

Niambie pana nini pale. Huyo uliyemwahidi, hata awe nani, atatusamehe sote.

Costancia


Mikumi
Jumatano, 19 Machi 2025

Costancia,

Kama kuna mtoto mle chumbani, weka karatasi hii chini, mtoe, ndipo urudi kusoma.

Barua yako nimeipata leo saa saba mchana. Siku kumi na saba! Mudi anasema barabara ilikatika na mkoba ulibaki kwenye basi lililoharibika. Nimeisoma nimesimama mpaka pale kwenye maji, nikakaa chini mavumbini mbele ya wateja.

Monica yuko kwao Msowero, mama yake mgonjwa. Nikachukua simu mwenyewe nikabonyeza jina lako. Sijui ilipokelewa au la. Nilipiga kelele tu, nikasema tokeni, tokeni humo chumbani, watoe watoto, tokeni, sijui nilisema mara ngapi. Nilipompa dereva mmoja asikilize, akanionyesha kwa mkono kwamba imekatika. Amenipigia tena mara nne, haipatikani. Gari la kwenda huko leo halipo, la kwanza ni kesho alfajiri na ndilo litabeba barua hii. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Pale hapana choo kilichojaa. Pana shimo tupu. Babu yako na baba yako walilichimba mwaka 1989, futi ishirini, liwe choo kipya. Halikutumika hata siku moja.

Wakati ule mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na mwanangu, Simoni. Jina hilo hujawahi kulisikia kwa sababu mzee alikataza lisitajwe. Alikuwa na miaka minne, muulizaji, hakuna alichokiacha bila kukiuliza. Shimo lilifunikwa kwa bati moja wakisubiri mataruma. Asubuhi moja ya mwezi wa nne mvua ilivuja bandani kwa kuku, na baba yako, kijana wa miaka kumi na tisa, akachukua lile bati aezeke banda. Akasema, "Nalirudisha sasa hivi." Akakutana na mwenzake barabarani wakapiga soga. Ni hilo tu. Mdogo wangu Cosmas hakufanya ubaya mwingine maisha yake yote. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mimi nilikuwa jikoni, nikaita, "Simoni, njoo ule." Nikaita tena. Nikaita tena.

Baada ya mazishi majirani walitaka kulifukia. Mzee alikataa, akasema hawezi kummwagia yule mtoto udongo mara ya pili. Akapanga mataruma juu ya mdomo wa shimo, akatandaza udongo kidogo, basi. Mimi nikapanda migomba, kwa kuwa kwetu hakuna mtu anayejenga juu ya migomba ya choo. Nilijiona nina akili. Kumbe ile alama ndiyo iliyomwambia fundi wako kwamba pamejaa.

Na yale mataruma ni mbao, mwanangu. Kipande chake umekikalia unachambua mboga.

Cosmas alipokuwa anakufa alinishika akasema, "Dada, Costa asijue." Nikamwahidi. Alitaka umkumbuke kama Bwana Mfuniko tu, ucheke. Nimetunza heshima ya marehemu kwa roho za watoto wako, na hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Sijui kama mko hai wote ninapoandika mstari huu. Niandikie. Hata neno moja.

Hildegarda


Mabwerebwere
Jumapili, 23 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Wote wazima. Naliandika kwanza hilo. Wote wazima.

Simu yako ilipokelewa na Brightness. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, simu ina chaji ya mwisho, nimeiacha mezani nikaenda jiko la nje kukoroga uji. Cleopa alikuwa amelala mle chumbani, kwenye kile kitanda, Brayan yuko chini na gololi zake. Nilipotoka jikoni nikawakuta barazani, mvua inawapiga, Brightness kampakata Cleopa na Brayan kamkamata kwa kola ya shati. Nikaanza kugomba. "Mmechanganyikiwa? Mnataka homa?"

Akasema, "Bibi Mikumi kasema tutoke chumbani."

"Kasema saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mama, Bibi alikuwa analia."

Shangazi, sijawahi kukuona ukilia, hata kwenye msiba wa Baba. Ulisimama pale unagawa kahawa. Sikuuliza tena. Nilikwenda kwa jirani na watoto wangu watatu na sufuria ya uji, nikamwambia Yared kwa simu ya jirani asiingie mle akirudi.

Barua yako ilifika kesho yake. Yared aliisoma mara mbili. Akaazima mtaimbo, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono akapiga sakafu pale kwenye ufa. Mara moja tu. Ule mtaimbo haukugonga, ulipita. Ukamponyoka mkononi, ukazama wote, na sisi tukabaki tunasubiri. Mpaka sasa nikifumba macho nakusikia kule kusubiri. Kisha maji yakalia huko chini.

Yared alikaa kizingitini akashika kichwa. Saruji ilikuwa nyembamba kama kipande cha mkate, na chini yake mbao mbili, moja imekatika. Hizo ndizo zilizowabeba wanangu miezi minne. Kitanda cha Brightness kilikaa juu yake mpaka mwanzoni mwa mwezi huu. Ditram amekuja, ameangalia, ametapika. Simlaumu sana. Nani aliyekuficha ukweli, si mimi niliyekata na kunyamaza? Ungejua Oktoba, ungesema Oktoba.

Nimelia kwa ajili ya Simoni, mtoto nisiyemjua. Na kwa Baba nimelia kwa namna nyingine. Lile pipa la maji tulilolichora chaki tukimcheka, mfuniko wake bado una kamba aliyoifunga mara tatu. Maisha yake yote alikuwa anarudisha lile bati, Shangazi, na sisi tunamtania. Hukuvunja heshima yake kwangu. Nampenda zaidi, na inaniuma zaidi, yote mawili.

Chumba tunakivunja. Watu wa mtaa wamejitokeza, na majirani wa jumuiya, wanamwaga mawe na kifusi tangu jana. Shimo linameza tu. Tumelizungushia mabati na Brayan nimemfunga kanga kiunoni, mwisho mwingine naushika mimi. Ananiuliza shimo linakwenda wapi. Nimemjibu, kama ulivyoniagiza. Nimemwambia pia kwamba alikuwepo mjomba wake mmoja aliyekuwa anauliza kama yeye. Akataka jina. Nikampa.

Mwanao,
Costancia


Mikumi
6 Aprili 2025

Mwanangu Costancia, marahaba. Marahaba Yared, Brightness, Brayan na Cleopa, kila mmoja yake.

Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma na kuiweka kifuani, nikapika wali wa madereva nao ukaungua wote, hakuna aliyethubutu kulalamika. Monica amerudi. Mama yake ana nafuu.

Nimekuwa nikikwambia wageni ni wengi. Wageni hawajawahi kuwa wengi kiasi hicho. Niliogopa ule mlango wa nyuma. Hata kwenye msiba wa baba yako niliingia kwa mbele na nikatokea mbele, wewe ukadhani nina haraka.

Kifusi msikimalize. Mkifika karibu na juu simameni, mfunike vizuri, mniachie karai moja. Baba yangu hakuweza kumwaga. Mimi ni mama yake, nitaweza. Na mche wa mgomba nautafuta huku huku, nitakuja nao. Safari hii alama isiseme uongo.

Mwambie Brightness sikumsikia hata kidogo. Alisema "haloo"? Aliniambia "shikamoo"? Siku ile ya Simoni niliita mara tatu na hakuna aliyeitika. Kwa miaka thelathini na sita nimekuwa nikijua kwamba nikiita, haisaidii.

Nakuja Jumamosi Kuu, basi la kwanza. Nitashuka stendi saa nne. Usije wewe na watoto wadogo, baki nao. Yared amlete Brightness, anishike mkono, tupite naye mlango wa nyuma.

Shangazi yako,
Hildegarda, mama Simoni